Kabla ya upasuaji wa saratani, uliza habari za misuli yako

Ukishajulikana una saratani, kila anayekuja kukuona hukutazama mashavu kwanza. "Hujakonda, tumshukuru Mungu." Nilipokuwa nasubiri kuondolewa uvimbe wa utumbo mpana niliyasikia hayo kila mara, na mizani iliwaunga mkono, kilo zilikuwa palepale. Lakini suruali zilinibana kiunoni huku zikipwaya mapajani, na ngazi zilianza kunishinda. Misuli ilikuwa inapungua, mafuta yanabaki.

Madaktari huiita hali hiyo ya kupungukiwa na misuli sakopenia. Mtu mnene anaweza kuwa nayo, ndiyo maana uzito peke yake haukwambii kitu. Wenye misuli kidogo, kwa jumla, hupata matatizo zaidi baada ya upasuaji, hulazwa muda mrefu na huishi muda mfupi kuliko wenzao; imeonekana kwenye saratani za utumbo mpana, tumbo, kongosho na umio. Ni kweli kwamba mara nyingine ugonjwa wenyewe ukishakomaa ndio unaoila misuli. Hata hivyo, hatua ya saratani huwezi kuirudisha nyuma ukiwa nyumbani, lakini misuli unaweza kuipigania.

Picha ya CT (ile ya mionzi inayoonyesha ndani ya mwili vipande kwa vipande) uliyopigwa kwa ajili ya uvimbe tayari imebeba habari hizo. Wataalamu hupima eneo la misuli kwenye usawa wa pingili ya tatu ya kiuno. Mwombe daktari akuonyeshe. Wangu aligeuza kioo cha kompyuta, akanielekeza kwenye misuli ya mgongo: ilikuwa ya kijivu, imepitiwa na michirizi myeusi. Yale meusi ni mafuta yaliyopenya ndani ya msuli. Picha ile ilinisukuma kuliko nasaha zote nilizopewa.

Nyumbani, keti kwenye kiti, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara 5. Ukizidisha sekunde 15, miguu imedhoofika, mwambie daktari.

Kwenye chakula, msisitizo wangu ni protini. Mwongozo wa lishe wa Ulaya kwa wagonjwa wa saratani unataka zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikiwezekana hadi 1.5. Mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 90, na yai moja lina kama 6 tu, kwa hiyo gawa protini kwenye milo yote. Mwenye ugonjwa wa figo aongee kwanza na mtaalamu wa lishe. Na tafadhali usijinyime chakula ili upungue kabla ya upasuaji bila kuelekezwa.

Tembea kila siku, fanya na mazoezi ya kuipa misuli mzigo kadiri unavyoruhusiwa. Baada ya upasuaji, wakikuruhusu kuinuka kesho yake, inuka, hata kama ni kufika kitini tu.

Kama utaanzishiwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, litaje suala la misuli mapema. Dozi za dawa hizo nyingi hukokotolewa kwa urefu na uzito, si kwa misuli, na wenye misuli kidogo huelekea kupata madhara makali zaidi.