Jibu: Rangi ya buluu katika bendera ya Tanzania ilitoka wapi?

Ndugu, umeuliza iwapo buluu iliyomo katika bendera yetu iliwekwa kwa ajili ya bahari tu, au ina asili ya Zanzibar. Majibu yote mawili ni sahihi, ingawa kwa maoni yangu la pili ndilo lenye uzito zaidi kihistoria.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilipandisha bendera ya kijani, nyeusi na kijani, iliyotokana na rangi za chama cha TANU, ikiongezewa michirizi miwili myembamba ya rangi ya dhahabu. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ilitumia buluu, nyeusi na kijani, ambazo ni rangi za Afro-Shirazi Party. Nchi hizo mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, bendera zao nazo zilichanganywa, na mistari ya mlalo ikabadilishwa kuwa ya mshazari, ikipanda kutoka chini upande wa mlingoti hadi juu upande wa pili. Mpangilio huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa haukuiweka rangi ya Zanzibar chini ya bendera ya Tanganyika kama kiraka.

Maana zinazofundishwa shuleni unazijua: kijani ni ardhi na uoto, nyeusi ni wananchi, dhahabu ni madini, buluu ni maji, yaani bahari, maziwa na mito.

Zanzibar ilirejea kuwa na bendera yake mwaka 2005, nayo ina bendera ya Muungano kwenye pembe ya juu, upande wa mlingoti.