Maziwa, cheche na mayai yaliyogoma: maswali yenu ya kalsiamu

*Dada, nikinywa maziwa mengi yai langu litapata kalsiamu ya kushika mimba?*

Hapana mdogo wangu, maziwa ni ya kunywa kwa ajili ya mifupa. Kalsiamu inayoliamsha yai iko humo humo ndani, yai limeifungia kwenye vistoo vyake, na mwenye ufunguo ni mbegu ya kiume.

*Ufunguo gani tena?*

Protini inaitwa PLC zeta, watafiti wa Cardiff kule Wales ndo walioitangaza 2002. Mbegu ikishazama inaiachia mle ndani, inakata mafuta fulani, kinatoka kitu kinaitwa IP3, hicho kinaenda kufungua stoo na kalsiamu inamwagika. Sasa utamu uko hapa, haimwagiki mara moja ikaisha, inapanda, inashuka, yai linatulia dakika kadhaa, inapanda tena, masaa kibao hivo hivo. Wakiliwekea rangi maalum, kwenye hadubini unaliona linawaka linafifia kama indiketa ya gari, ila indiketa ya kivivu kweli.

*Mbona mbegu ya pili haiingii?*

Kalsiamu ikipanda, vifuko vidogo vilivyojipanga chini ya ngozi ya yai vinapasuka na ganda la nje linakaza. Mlango umefungwa.

*Kuna video yai linatoa cheche, eti ndo roho inaingia?*

Hiyo ni zinki jamani! Chuo cha Northwestern, Marekani, 2016. Kalsiamu ikishapanda yai linatema zinki, na mwanga ni wa rangi waliyoweka wao maabara. Afu mayai yale hayakukutana na mbegu hata moja, yaliamshwa kimaabara tu. Ya roho kamuulize shehe au padri wako.

*Tulifanya ICSI, mbegu ikadungwa ndani kabisa ya yai, mayai yote yakagoma. Mawifi wananisema mimi.*

Pole shoga. Waulizeni kwanza wa kliniki kama mayai yalikuwa yamekomaa. Yakiwa yalikomaa, mbegu nazo ziangaliwe, manake kuna wanaume mbegu zao zina kichwa cha duara na PLC zeta hazina au ni kiduchu, hapo mawifi wamekosea nyumba. Kuna dawa inaitwa ionofora, mayai yanalowekwa humo dakika chache baada ya kudungwa, kalsiamu inapanda kwa nguvu, kwa kawaida mara moja tu, sio yale mapigo ya masaa, na bado kuna watoto wamezaliwa hivo. Haiwekwi kwa kila mtu, ila waliogomewa kama nyie mna haki ya kumuuliza daktari, na mzee aende na wewe.