Una kopa nne: ulipe dau au utupe?

Ndugu, umeuliza kuhusu Texas Hold'em, aina ya poka: una kopa mbili mkononi, mezani kuna karata nne kati ya tano, mbili kati yake kopa, kitita (fedha zilizokwisha kuwekwa) ni 6,000 na mpinzani ameweka 3,000. Unasubiri kopa ya tano ili upate flashi, yaani karata tano za aina moja. Ulipe?

Anza kuhesabu. Umeshaona karata sita, zimebaki 46, na kati ya hizo kopa ni tisa. Tisa kwa 46 ni kama asilimia 20. Sasa bei: unalipa 3,000 ili kitita kifike 12,000, yaani unahitaji asilimia 25. Haitoshi. Tupa, isipokuwa una hakika kopa ikitoka atakulipa angalau 3,400 nyingine kwenye karata ya mwisho. Mchezaji mwoga akiiona kopa ya tatu mezani hatoi hata shilingi, kwa hiyo mwangalie vizuri unayecheza naye. Angeweka 1,500, ungehitaji asilimia 17 tu. Hapo lipa bila wasiwasi.

Kosa linalowamaliza wengi ni ile asilimia 35 ya kupata kopa ya tano, inayohesabiwa mezani kukiwa na karata tatu za kwanza tu. Hiyo ni ya kuziona karata mbili zote zilizobaki bila kulipa tena. Kama dau lingine linakuja, hesabu karata moja tu.

Tena kopa zako zikiwa ndogo, mfano tano na sita, mwenye kopa kubwa atakufilisi siku hiyohiyo zinapotimia.

Ukiwa wewe ndiye mwenye jozi kubwa, weka nusu hadi theluthi mbili ya kitita. Dau dogo linamuuzia anayesubiri kopa karata kwa bei ya bure.