Kitabu kilekile kila usiku: mwache, na msomee kwa Kiswahili

Mleta mada, umeuliza kama ni sawa mtoto wa miaka miwili na nusu kudai Goodnight Moon kila usiku, kile kitabu cha picha ambamo sungura mdogo anaaga vitu vya chumbani kimoja kimoja kabla ya kulala, na kama umsomee Kiingereza chake au umgeuzie Kiswahili. Nimekaa na kitabu hicho hapa Mbeya karibu mwaka mzima. Nilikipata Mwanjelwa kwenye mitumba, jalada limechanika pembeni. Nakujibu kwa niliyoyaona kwa binti yangu.

Msomee Kiswahili. Mimi nilianza na Kiingereza, saa ya kulala ikageuka darasa: hii inaitwaje, sema tena. Siku ya tatu alikifunika kitabu kwa viganja viwili, akaniambia, "Baba, basi." Iliniuma. Kesho yake nikaanza upya, na badala ya "usiku mwema" nikasema "lala salama", maana ndivyo mama yake anavyomwambia kila siku. Lala salama, mwezi. Laleni salama, viti. Tulipofika kwenye bakuli la uji akainuka kukaa: uji anaujua! Glavu nazo anazijua, kwa baridi yetu ya Julai. Simu ya waya ndiyo ilibidi nimweleze. Vina vya Kiingereza vinapotea, ni kweli, lakini ukisoma taratibu na kushusha sauti kila ukurasa, mtoto anabembelezeka vilevile.

Kurudia kusikutie hofu. Kitabu ni cha mwaka 1947, maneno ya Margaret Wise Brown ni machache, na mengi yamo kwenye michoro ya Clement Hurd. Tazama saa za mle chumbani: mwanzo ni saa moja, mwisho saa mbili na dakika kumi. Mwezi unapanda dirishani, chumba kinazidi kuingia giza, na kwenye picha za rangi za chumba kile kuna panya mdogo anayehamahama. Mimi na utu uzima wangu sikumwona. Binti yangu ndiye aliyemwona, wiki ya pili, akamwekea kidole, kimya, akanitazama. Tangu hapo hanifungulii ukurasa unaofuata mpaka panya apatikane.

Kuna ukurasa mmoja mtupu, anaagwa asiyekuwepo. Tafadhali usiuruke. Mimi husema "lala salama..." nikanyamaza, naye anamalizia kwa kunong'ona: "hamna mtu." Ndipo anapopapenda kuliko pote.

Ukishafunga kitabu, usiondoke haraka. Mwache aage vya chumbani kwenu. Wangu huanza na sweta lililotundikwa msumarini, halafu ndoo, viatu vya baba, kuku wa jirani, kisha mlima Loleza, ingawa usiku hauonekani. Akifika Loleza sauti imeshakuwa ndogo, na mara nyingi jina la mlima halimaliziki.