Ndiyo, huku nako umeme unakatika

Ndugu zangu mlioko nyumbani, kila dhoruba ikipita huku picha zinafika kwenye simu zenu kabla hata taa hazijarudi kwetu: mti umelala juu ya paa, nyaya zinaning'inia barabarani, na chini yake mtu kauliza, "Si Marekani hiyo? Na nyinyi mnakatiwa?" Wengine, hasa mnaojiandaa kuja, mnauliza la maana zaidi: mtu anaishije siku nne bila umeme kwenye baridi?

Unakatika. Si kila wiki, na mwaka unaweza kupita usikatike hata saa moja. Lakini ukikatwa na upepo unauma kuliko mgao mliouzoea, kwa sababu nyumba ya nyumbani inajua kuishi bila umeme na ya huku haijui. Kwetu jiko la makaa lipo uani, madirisha yanapitisha hewa, ndoo ya maji ipo bafuni. Huku kila kitu kimening'inizwa kwenye waya mmoja.

Nazungumzia magharibi ya jimbo la Washington, yaani Seattle na vitongoji vyake, maana waswahili ni wengi na upepo haukosi. Msimu wake ni Oktoba hadi Machi. Dhoruba inayotajwa hadi leo ni ya usiku wa Desemba 14, 2006: zaidi ya wateja milioni moja walikosa umeme, na wapo waliokaa zaidi ya wiki. Ile ya Novemba 19, 2024 iliwaacha gizani wateja zaidi ya 600,000. Mteja hapo ni mita moja ya umeme, kwa hiyo nyumba ya watu sita imehesabiwa mara moja. Na giza lenyewe ni refu. Katikati ya Desemba jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni, halichomozi mpaka karibu saa mbili asubuhi.

Mnauliza kwa nini wasizike nyaya ardhini. Katikati ya jiji zimezikwa. Vitongojini bado ni nguzo za mbao, zimepita katikati ya miti mirefu jamii ya misonobari, mingine inazidi mita 50. Mvua ikishanyesha wiki mbili mfululizo ardhi inakuwa uji, na mizizi iliyotambaa juu juu haina cha kushika. Upepo ukija, mti hauvunjiki; unang'oka na sahani nzima ya mizizi yake. Majirani wazoefu hawasubiri taarifa ya habari. Taa zikizima na kuwaka mara mbili au tatu, wanajua kwamba swichi ya kwenye laini inajaribu kurudisha umeme, ikitumaini ni tawi tu lililogusa na kuanguka. Ikishindwa inajifunga, na hapo haitawaka mpaka fundi afike. Ukisikia mlipuko kama wa bunduki na mwanga wa kibuluu kwenye mawingu, ni fyuzi ya transfoma au nyaya zimegusana. Jaza maji, chaji simu, kaa ndani.

Sasa ndani kinakufa nini? Kwanza joto. Msidanganyike na bomba la gesi. Hita ya gesi inasukuma hewa kwa feni, na kiberiti chake kinawashwa na saketi ya umeme, kwa hiyo gesi ipo na nyumba inapoa. Jiko la gesi la juu unaweza kuliwasha kwa kiberiti cha mkono kwa ajili ya kupikia tu. Oveni yake mara nyingi inagoma, maana vali haifunguki bila umeme. Maji ya moto: tangi la gesi la zamani lenye kimwali kinachowaka muda wote linaendelea kufanya kazi, zile za kisasa zinazochemsha maji yanapopita zinazima. Maji ya bomba la mji kwa kawaida hayakatiki, ila mwenye kisima chake amekwisha, kwa sababu pampu ni ya umeme, na wa ghorofa za juu hutegemea pampu ya jengo. Ndiyo maana watu wanajaza beseni la kuogea mapema. Choo cha huku kinataka kama lita 6 kwa kila kuvuta, na kumwaga kwa ndoo tunakujua vizuri. Hilo halihitaji somo. Mlango wa gereji nao una kamba nyekundu inayoning'inia: ivute mlango ukiwa umefungwa, ndipo unyanyue kwa mikono. Wageni wengi wanakwama gari ndani kwa kutoijua kamba hiyo.

Sasa jambo ambalo nataka mlisome polepole, hasa wadogo zangu mnaokuja. Usiingize jiko la makaa ndani. Usiku ule wa 2006 na siku zilizofuata, zaidi ya watu 200 walitibiwa kwa sumu ya kaboni monoksaidi na wanane wakafa. Wengi wa waliodhurika na makaa walikuwa wahamiaji kama sisi. Gazeti la Seattle Times lilifikia kuchapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Si kwamba watu walikuwa wajinga. Walifanya kilekile kinachofanyika nyumbani, ila nyumba ni nyingine: madirisha ya vioo viwili, mipira kwenye kila ukingo wa mlango, hakuna upenyo juu ya ukuta. Kaa lililoiva, lisilotoa moshi, ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu gesi hiyo haina harufu wala rangi, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Wakiumwa kichwa wote wa nyumba kwa wakati mmoja, hayo si mafua. Tokeni nje kisha pigeni 911, namba ya dharura ya huku. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ukipanga, hakikisha kengele ya gesi hiyo ipo na ina betri; sheria ya jimbo inaitaka kwenye nyumba za kupanga tangu 2013.

Joto linatunzwa hivi: chagueni chumba kimoja kidogo, cha upande wa jua kama kipo, fungeni milango mingine, zibeni chini ya mlango kwa taulo, ning'inizeni blanketi dirishani usiku, mlale pamoja. Baada ya siku mbili nyumba inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Ni tabu, lakini mtu mzima mwenye nguo za kutosha hauawi na hiyo. Wazee na vichanga ni habari nyingine. Hao wapelekwe mapema kwenye vituo vya kuotea moto vinavyofunguliwa maktaba au kumbi za jamii.

Chakula kina hesabu yake. Friji isipofunguliwa inatunza kwa saa 4. Friza iliyojaa inafika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Nyama, maziwa na chakula kilichopikwa vikikaa juu ya nyuzi 4 zaidi ya saa mbili vinatupwa, hata kama vinanukia vizuri. Wanaopata msaada wa chakula wa serikali kwenye kadi wanaweza kuomba kurudishiwa thamani ya kilichoharibika, lakini lazima watoe taarifa ndani ya siku 10. Wengi hawajui, siku zinapita. Insulini haiharibiki haraka kama watu wanavyoogopa: nyingi hukaa hadi siku 28 kwenye nyuzi 15 hadi 30, mradi isigande.

Jenereta. Hapa kila mtaa una mtu mmoja aliyeinunua dhoruba iliyopita, akaiweka na mafuta yake, na leo haiwaki. Petroli iliyokaa miezi inaacha ulimbo kwenye kabureta na kuziba tundu dogo la mafuta. Dawa ni kufunga mafuta na kuiacha izime yenyewe kabla ya kuihifadhi, na kuiwasha dakika 15 kila mwezi. Ndogo ya wati 2,000 inatosha friji, feni ya hita ya gesi na simu, si vyote vikianza pamoja: friji inakula wati 150 ikitembea, lakini inapoanza inaweza kudai 1,000. Hita ya ukutani ya umeme sahau. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi ukitazama mbali na madirisha. Gereji iliyo wazi bado ni ndani. Na petroli iwekwe kabla, maana kituo kisicho na umeme hakiwezi kuipampu.

Kuna ujanja mmoja tuliokuja nao unaoua: waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili nyumba nzima iwake. Umeme huo unatoka kwa laini mpaka kwenye transfoma, na transfoma haijui mwelekeo. Inaupandisha hadi maelfu ya volti kwenye waya ambao fundi ameambiwa umekufa. Fundi umeme aweke swichi ya kubadilisha njia, ile inayoitenga nyumba na laini ya mtaa, au tumia ekstensheni nene moja kwa moja kwenye kifaa.

Ugomvi wa majirani huanza siku ya tatu, pale upande wa pili wa barabara unapowaka na wenu bado. Hakuna aliyehonga. Wanaanza na laini kubwa na vituo vya kupozea umeme, kisha laini za mitaa, kisha matawi, mwisho waya wa nyumba moja moja. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kula laini tofauti. Jambo linalowachoma watu zaidi ni bomba la chuma lililosimama juu ya paa kupokea waya wa umeme. Tawi likilivuta likang'oka, hilo ni la mwenye nyumba, si la shirika. Mafundi wataunganisha mtaa mzima na kuiruka nyumba hiyo mpaka fundi binafsi alirekebishe na likaguliwe. Litazameni siku ya kwanza, si ya tano.

Na ikiwa taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zimefifia, zima swichi kuu papo hapo. Nyumba za huku zinapokea nyaya mbili za volti 120 na nyutro katikati, yaani waya wa kurudishia umeme. Nyutro ikikatika, televisheni inaweza kupata volti 180 na kuungua.

Mti wa jirani ukiangukia nyumba yako, kwa kawaida bima yako ndiyo inayolipa, isipokuwa uthibitishe kwamba jirani alijua umeoza. Ukianguka uani bila kugusa kitu, mara nyingi bima hailipi hata kuuondoa. Aliyepanga asitegemee bima ya mwenye nyumba. Hiyo inalinda jengo, haijui godoro lako.

Nje, waya ulioanguka uhesabu una moto hata kama umetulia. Kaa mita 10 au zaidi, na usiguse uzio wa chuma uliogusana nao. Njia panda isiyo na taa, kila upande unasimama kwanza.

Kabla umeme haujarudi, zima breka, yaani swichi za kwenye boksi la umeme, za hita, jiko na tangi la maji, acha taa moja tu. Mtaa mzima wenye baridi ukiwasha hita kwa sekunde moja, laini inaelemewa na kukatika tena. Subiri dakika 10, kisha washa kimoja kimoja.

La mwisho ni lenu. Wengi wetu tunalipwa kwa saa. Mahali pa kazi pakifungwa kwa kukosa umeme, siku hiyo mara nyingi haina mshahara, na chakula cha friji kimeshatupwa. Kwa hiyo mwezi wa dhoruba pesa ikichelewa, haijaliwa. Minara ya simu nayo inaishi kwa betri, nyingi huisha ndani ya saa chache, na mtandao unabaki kiduchu. Mkitupigia hatutapatikana, sauti za kurekodi hazitafunguka. Tumeni ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa zamani wa maandishi. Huo hupenya hata mtandao ukiwa na mstari mmoja.