Rolling Stones tena: nifurahi au niogope?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi redio hapa Mikindani, umri miaka 52. Kaseti za Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, nimerithi kwa marehemu kaka yangu, baharia. Kila nikisikia minong'ono ya albamu nyingine, moyo unaruka, halafu unasita. Tangu mpiga ngoma wao Charlie Watts afariki 2021, masikio yangu yanamtafuta. Vijana wa kijiweni wananicheka: "Babu, hao bado wanaimba?"

JIBU: Fundi wangu, ogopa kidogo tu. Kuanzia 2005 hadi Hackney Diamonds ya 2023 tulingoja miaka 18 kupata albamu ya nyimbo zao mpya. Ile ya 2016 ilikuwa bluzi za watu wengine. Mimi nilishakata tamaa. Nikaisikiliza hiyo ya 2023 basi likiwa limesimama Nangurukuru, nikagonga kiti cha mbele mpaka mama mmoja akageuka kuniangalia. Mwimbaji wao Mick Jagger alishatimiza miaka 80!

Watts yumo katika nyimbo mbili. Nyingi nyingine kapiga Steve Jordan. Hodari, sikatai. Lakini Watts alikuwa na tabia yake: fimbo ya kushoto ikitua kwenye ngoma, ya kulia aliiinua isiguse matoazi. Ndiyo ule mwanya unaoutafuta, na hauazimiki.

Shaka yangu kubwa ni prodyuza, Andrew Watt. Sauti kaipiga pasi mno. Albamu ya mbele naitaka na makunyanzi.

Na hizo kaseti, kwa chumvi ya hewa ya Mikindani, unazihifadhi wapi?