Ukuta wa sebule ufanane na marumaru: anza na chokaa

Dada, umeuliza kama unaweza kuupaka ukuta wa sebule kwa sponji ufanane na marumaru, nyumba yenyewe ikiwa ya zamani, ya mawe ya matumbawe, hapo Langoni, Lamu. Inawezekana, ila tafadhali usiguse rangi ya mafuta. Kuta hizo zimejengwa kwa chokaa na hupitisha unyevu. Ukizifunika, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, na rangi hufura na kubanduka, mara nyingi kuanzia chini.

Kwanza pangusa unga wa chumvi kwa brashi kavu. Palipobomoka paziba kwa chokaa na mchanga, si saruji, paache pakauke vizuri. Kisha nyunyizia ukuta maji, upake chokaa nyeupe nyembamba mara mbili.

Sasa ndipo kwenye utamu. Chokaa nyingine itie rangi ya unga ya oksidi nyeusi, kidogo sana, iwe kijivu na nyepesi kama maziwa. Lowesha sponji, ikamue sana, uguseguse ukuta huku ukiigeuza mkononi, maana alama ikijirudia jicho huiona papo hapo. Mishipa ichore kwa unyoya wa kuku rangi ingali mbichi, kwa mshazari, mkono ukitetemeka kidogo, halafu ilainishe kwa brashi laini. Michache tu! Chokaa ikikauka hupauka, kwa hiyo jaribu nyuma ya kabati kwanza, usubiri hadi kesho. Na uvae miwani na glavu. Chokaa huunguza macho.

Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ziache nyeupe, dada. Nakshi zake zinatosha.